Utani wa Magurudumu Matatu

Watu wa Ujiji wanajua kukaribisha. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, nisije nikaonekana sina shukrani, maana mgeni akilalamika huulizwa kwanza alikula wapi jana. Walinipokea. Walinipa chumba cha kupanga, walinipa baraza ya kuweka cherehani, walinipa na salamu kila asubuhi. Lakini kile kitu kimoja nilichodhani nimeshapewa, kumbe sikuwa nimepewa.

Mimi na mama yangu tulivuka ziwa miaka michache baada ya Uhuru, pale vita vya upande wa Kongo vilipofika kijijini kwetu na watu wakaanza kulala porini. Mguu wangu wa kulia ulikauka nikiwa mtoto mdogo. Homa ilikuja, na ilipoondoka iliondoka nao. Kwa hiyo siku ya kukimbia sikukimbia. Nilibebwa mgongoni hadi kwenye mtumbwi na kubwagwa katikati ya mbuzi na masufuria, nimekumbatia kichwa cha cherehani kifuani. Miguu ya chuma ya ile cherehani tuliiacha nyumbani kwa sababu wenye mtumbwi walikataa uzito. Mama alisema kichwa ndicho chenye akili, miguu tutaitafuta tukifika.

Tulipofika Kigoma tukaandikwa, tukapewa unga na blanketi, na baada ya muda tukaruhusiwa kwenda kukaa Ujiji, kwa kuwa mama alijua kule kuna watu wa kwetu. Walikuwepo kweli. Babu zao walivuka ziwa lile lile, kwa mitumbwi ya namna ile ile, ila wao waliwahi. Walikuwa na nyumba, na misikiti, na maduka madogo ya chumvi na sabuni, na walituita sisi "wa kuja." Nilijifunza mapema kwamba hakuna anayemtazama mgeni kwa jicho kali kama mgeni wa zamani. Mwenyeji halisi ana muda wa kukuhurumia. Yule wa zamani anaogopa usije ukawakumbusha watu alikotoka.

Kuzoea kulikuwa kazi. Kiswahili changu kilikuwa cha ng'ambo, na kila nikifungua mdomo mtu alitabasamu. Siku ya kwanza sokoni niliuliza, "Mama, ndagala bei gani? Minatafuta ya leo leo," na wauza dagaa wote wakaacha kazi wakanigeukia, mmoja akaita wenzake waje wasikie. Nikajifunza kusema dagaa. Nikajifunza kusema natafuta. Nikaanza kujisikiliza kabla ya kusema, na mtu anayejisikiliza hivyo huonekana mpole, basi nikapata sifa ya upole ambayo sikuwa nayo. Mimi si mpole. Nilikuwa nachunga ulimi tu.

Miguu ya cherehani ilipatikana kwa fundi mmoja aliyekuwa ameacha kushona. Nilikanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, na kazi ikaenda. Ilikuwa miaka ya kujitegemea, kila shule inataka kaptula za khaki, kila kikundi kinataka sare ya kupokelea wageni wa serikali. Nilishona sare nyingi za sherehe ambazo mimi mwenyewe nilizitazama nikiwa barazani, kwa sababu uwanja ulikuwa mbali na gongo langu la kutembelea lilikuwa fupi. Hapo ndipo nilipokuwa nimefungwa. Kwenda Kigoma mjini ilikuwa safari ya kuomba mtu. Kwenda kanisani, kuomba mtu. Mama akiugua, kuomba mtu. Hakuna siku iliyopita bila kumwambia mtu "samahani, ndugu yangu," na neno hilo likirudiwa sana huchosha mdomo.

Sasa nije kwa jirani yangu. Alikuwa Mha wa kutoka Simbo, mfanyabiashara wa mawese, kifua kipana, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya pili ya bonde. Wiki ya kwanza tu alipita barazani, akaniona na sahani yangu ya ugali na mgebuka wa kuchoma, akaketi bila kukaribishwa, akala samaki wote, akaniachia kichwa. Nilimtazama nikitafuta gongo. Akafuta mikono kwenye kitambaa cha mteja wangu, akashangaa kwa Kiha, "Yemwe! Umekasirika? Basi umeshalipa faini. Watu wa ng'ambo ni watani wetu. Mimi na wewe ni watani kuanzia leo. Kesho njoo unyang'anye kwangu."

Kwetu angevunjwa meno. Lakini kesho yake nilijikongoja hadi kwake, nikachukua chupa ya mawese dirishani mbele ya mkewe, nikasema naichukua kwa sababu mwenye nyumba ni mvivu na hastahili kula kitu cha mafuta. Mke akacheka mpaka akashika ukuta. Yeye alitoka ndani akipiga kelele kwamba Mkongo ameiba, mwiteni mgambo, mfungeni kwenye mti. Watu wakajaa, wakacheka, nami kwa mara ya kwanza tangu nivuke ziwa nilicheka mpaka machozi.

Anayejua utani hahitaji maelezo, lakini niseme kidogo. Mtani wako anaweza kukutukana hadharani na huruhusiwi kukunja uso. Akikuita mwizi, humkatalii. Unaongeza, unasema umeiba na ng'ombe. Akikwambia wewe mchawi, unasema ndiyo, na usiku huu ni zamu yako. Anayekana ameshindwa. Na mtani huyo huyo, siku ya msiba, ndiye anayesimamia kila kitu wakati wewe umekaa chini umeduwaa. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyechimba kaburi. Lilipokuwa tayari, akajilaza ndani yake mbele ya waombolezaji wote, akasema hatoki mpaka Wakongo wamlipe kuku, maana hiki ni kitanda kizuri na yule bibi kizee hakuwahi kumpikia vizuri. Niliuacha uso wangu wa huzuni papo hapo, nikacheka kaburini kwa mama yangu. Nilimpa kuku. Siku ile niliamini kwamba nina ndugu katika nchi hii, na kwamba kwa kuwa mama amelala katika udongo wa Ujiji, nami ni wa Ujiji.

Skuta niliipata kwa mtu aliyekuwa anaondoka. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa Kihindi, mzaliwa wa Kigoma, baba yake alizaliwa Kigoma pia. Majumba ya kupangisha yalipochukuliwa na serikali, nyumba yake ikaenda, na yeye akaamua kuondoka. Niliwashonea familia nzima mifuko ya safari ya turubai. Siku ya kumaliza alinipeleka uani, akanionyesha skuta iliyolala chini ya bati, kutu tupu, kuku wametaga kwenye siti yake. "Chukua," alisema. "Wewe unaingia, mimi natoka. Mmoja wetu aipande." Nilicheka kwa adabu. Sikuwa na habari kwamba alikuwa ananisomea hali yangu pamoja na yake.

Watu walinihesabia wazimu. Mtu wa mguu mmoja na skuta ya nini? Lakini nilikuwa nimeshaitazama kwa jicho la fundi nguo. Nguo isiyomtosha mtu haitupwi. Inafumuliwa, inaongezwa kipande. Skuta ya magurudumu mawili inataka mguu wa kuisimamishia, basi iongezwe gurudumu la tatu. Breki ya nyuma inakanyagwa kwa mguu wa kulia, basi iletwe mkononi. Kuiwasha ni kupiga kiki kwa mguu ule ule wa kulia, basi ile kiki iongezwe chuma kirefu, niivute kwa mkono nikiwa nimekaa.

Kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma kule Katubuka, mtu wa maneno machache na macho mekundu kwa ajili ya moto. Nilimchorea kwa chaki ya cherehani kwenye sakafu yake. Alitazama, akatema mate pembeni, akasema itapinduka. Ilipinduka. Mara ya kwanza tuliunga mhimili wa mkokoteni nyuma, tukaweka magurudumu ya baiskeli, na kwenye mteremko wa kwanza spoku zikalala chini zote nami nikalala juu yake. Tukafumua. Mara ya pili tukaliacha gurudumu la injini upande wa kulia, tukachomelea fremu kwenda kushoto, tukafunga huko gurudumu la skuta nyingine mbovu, lifuate tu bila kusukumwa. Hiyo ikasimama. Ila kwa kuwa nguvu inatoka upande mmoja, kigari kilikuwa na tabia ya kwenda kushoto wakati wote. Ulipaswa kushika usukani kama unaelekea kulia ndipo uende moja kwa moja. Nilizoea haraka. Maisha yangu yote nimetembea hivyo, nikiegemea upande mmoja ili nisionekane nimepinda.

Klachi na gia zilibaki mkono wa kushoto kama zilivyokuwa. Breki ya nyuma tuliifungia waya na mpini wa chuma kando ya paja. Siti ilikuwa kiti cha mbao kilichokatwa miguu, nikakishonea mto wa turubai uliojaa sufi, na mkanda wa kufunga mguu mbovu usining'inie. Sanduku la mizigo la nyuma lilitengenezwa na fundi mitumbwi wa Ujiji, kwa sababu seremala wa kawaida alisema hana muda. Yule mzee hakujua kutengeneza kitu kingine isipokuwa chombo cha majini. Alipinda mbao, akaziunga, akaziba nafasi kwa pamba na lami, akalichonga mbele likachongoka. Lilipendeza. Mvua ya kwanza iliponyesha likajaa maji mpaka juu na halikuvuja hata tone. Ilibidi kutoboa tundu. Tangu hapo watoto wakakiita Meli. Nikitokea tu kona ya msikiti, nasikia, "Meli! Meli imefika!"

Nikumbuke furaha pia, nisiseme uongo. Asubuhi ya kwanza nilikwenda mwenyewe kutoka Ujiji mpaka Kigoma, ziwa likiwa kushoto kwangu linamulika kati ya michikichi, na sikumwomba mtu. Nilipofika mjini sikuwa na shughuli yoyote. Nilinunua kibiriti, nikageuza, nikarudi.

Tatizo lilikuwa karatasi. Nilipokipeleka kigari kituo cha polisi kikaguliwe, niliambiwa kwa upole kabisa kwamba chombo cha moto hakiwezi kuandikishwa kwa mtu ambaye mwenyewe bado anaangaliwa, mkimbizi. Nitafute raia. Sikuhitaji kufikiri. Nilikwenda kwa mtani wangu. Akakuna kidevu akasema, "Nikiwa mwenye mali nitakiuza, na wewe ukiwa juu yake." Nikamjibu kwamba mnunuzi atakayekubali kunichukua mimi hatahitaji kigari, atahitaji hospitali. Tukaenda pamoja, akaandikisha jina lake, na kwenye njia ya kurudi alikaa ndani ya sanduku, miguu nje, akiwapungia watu. "Mnaona gari langu? Mnaona dereva wangu, Mkongo? Nimemwokota ufukweni." Nami nilipaza sauti, "Huyu ni mzigo tu, nampeleka kutupa!" Likawa wimbo wetu. Kila mahali alisema kigari ni chake, kila mahali nilisema yeye ni tairi la akiba. Watu walicheka kwa sababu kila mtu alijua ukweli.

Kilifanya kazi kile kigari. Kilibeba dagaa wabichi kutoka ufukweni, na mawese kutoka Simbo, ya mtani wangu yakiwa ya kwanza siku zote. Kilibeba wazazi waliozidiwa na uchungu kwenda hospitali. Kuna mtoto alizaliwa njiani, ndani ya lile sanduku la mtumbwi, na mama yake alikataa kushuka mpaka arudishwe nyumbani. Niliombwa mimi sasa. "Samahani, fundi, unaweza kutusogeza?" Sikuwahi kukataa. Nilikuwa natamani sana kuombwa, na kila niliyembeba nilimhesabu kimoyomoyo kuwa shahidi wangu, kwamba siku moja mtu akiuliza huyu ni nani, mji mzima utasimama ujibu. Nilidhani ukaaji unajengwa hivyo.

Ikaja miaka ya kuhamishwa vijijini. Malori yalipita, watu walibeba milango ya nyumba zao vichwani. Sisi wa mjini tulijiona salama, mpaka ilipotangazwa kwamba wageni waliotoka ng'ambo nao watapangwa upya: wenye kazi ya kueleweka na wadhamini watabaki, wengine watapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi, bara, mbali na ziwa, wakalime. Mtani wangu wakati huo alikuwa amechaguliwa balozi wa nyumba kumi za mtaa wetu. Nililala usingizi mzuri. Mdhamini gani tena zaidi ya yule aliyemlaza mama yangu kaburini?

Mkutano ulifanyika asubuhi, uwanja wa shule. Afisa alikuja kutoka mbali, kijana, shati limepigwa pasi, uso umechoka kwa vumbi. Alikuwa anapita mtaa kwa mtaa. Kila mgeni anasimama, balozi wake anasema neno, afisa anaamua. Mimi nilikuja na Meli, nikaiegesha kivulini, nikakaa juu yake. Zamu yangu ilipofika, afisa akauliza, "Na huyu kwenye kigari, nani?"

Mtani wangu akasimama. Akanitazama, nami nikamwona anavuta pumzi ile anayoivuta kila akitaka kuanza. "Huyu?" akasema. "Huyu mla dagaa tu, ndugu. Alitupwa na mawimbi. Tangu afike ziwa limepungua samaki. Mchukueni!"

Uwanja mzima ulicheka. Ulikuwa utani mtupu, wa kila siku, na kila mtu akageuka kuningojea mimi. Sasa nifanye nini? Kukana ni kushindwa. Nilikuwa nimekaa na watu wale muda wa kutosha kiasi cha kulijua hilo hata usingizini. Nikapaza sauti, "Kweli kabisa! Mimi ni kupe! Mnyonyaji halisi! Sikuja kufanya kazi hapa, nimekuja kula, na dagaa wakiisha nitakula na balozi!"

Walicheka tena, wengine wakapiga makofi. Afisa hakucheka. Maneno yale, kupe na mnyonyaji, ndiyo aliyokuwa anayahubiri tangu asubuhi, na sasa mgeni mmoja ameyavaa mwenyewe mbele ya watu kama kofia. Kicheko kikakatika kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma.

Nikasema, "Ndugu afisa, samahani. Huo ni utani. Huyu ni mtani wangu."

Nitamtendea haki yule kijana. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulilegea, akasema hata kwao wana watani, na wana matusi kuliko haya. Akamgeukia balozi. "Ni kweli, mzee? Huyu ni mtani wako?"

Lilihitajika neno moja, ndiyo. Ego, angesema kwa Kiha, hata hilo lingetosha. Aliangalia chini, akaangalia afisa, na nikaona macho yake yanapita juu yangu na kushuka kwenye kigari, kwenye lile sanduku, kwenye magurudumu. Akasema polepole, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Utani, ndugu, ni wa makabila ya hapa. Huyu ni mkimbizi."

Nilitabasamu. Niliendelea kutabasamu kwa muda, naona aibu kusema, kwa sababu bado nilikuwa nangoja amalizie. Utani wake mzuri ulikuwa na tabia ya kuchelewa. Lakini alikaa chini. Afisa akasema basi, huyu aende na wenzake. Kisha akauliza kigari ni cha nani, maana vyombo vya wanaoondoka vilikuwa na utaratibu wake. Mtani wangu akasimama tena.

"Changu, ndugu. Kimeandikwa jina langu. Nilimwazima tu kwa huruma, kwa sababu ya mguu."

Afisa aliguswa kweli. Alisema mbele ya wote kwamba huo ndio ujamaa wenyewe, mwenye chombo kumsaidia asiyejiweza, na akawaomba watu wampigie balozi wao makofi. Walipiga. Nilitafuta uso mmoja wa kunitazama. Yule mama aliyejifungua ndani ya sanduku langu alikuwepo, mtoto yupo mgongoni. Fundi mitumbwi alikuwepo. Wale watu wa kwetu waliovuka zamani walikuwa wamepanga mstari nyuma, kila mmoja akiomba asiulizwe babu yake alivuka lini. Wote walikuwa wanatazama viatu vyao.

Nimempa udhuru miaka mingi. Balozi akionekana anaficha wageni wavivu naye anatiliwa shaka. Alikuwa na mke, watoto, shamba la michikichi kule Simbo ambalo hakujua litaangukia kijiji gani. Hofu inaweza kumfunga mtu ulimi. Kwa neno la kwanza nimeweza kumsamehe, karibu. Lakini udhuru wangu wote unafika hadi kwenye kigari, na pale unaishia. Hakuna hofu iliyomwambia amalizie kwa kisingizio cha kuhurumia mguu wangu. Lile alilitunga mwenyewe.

Siku ya kuondoka alikuja kunichukua, na alikuja na Meli. Labda aliona ni wema. Kituo cha reli kiko Kigoma, na mimi na kichwa cha cherehani tusingefika kwa miguu. Nilikaa ndani ya sanduku, mahali pake, na yeye akakaa kwenye kiti changu. Hakujua kuendesha kigari. Kila hatua kilitaka kwenda kushoto, kwenye mtaro, naye anapigana nacho huku jasho linamtoka. Tulipokaribia kuangukia bondeni nikasema, "Shika kama unakwenda kulia." Alishika. Kikanyooka. Tulipita makaburi nami sikugeuza shingo, kwa sababu nisingependa anione.

Stesheni kulikuwa na watu wengi, wa kwetu na wa kwao, mabunda, kuku, vilio. Ngazi za behewa zilikuwa ndefu kwa gongo langu. Akainama bila kuulizwa, akanipakia mgongoni, akanipandisha ndani, akaniweka kwenye benchi, akarudi kuchukua cherehani na kuiweka miguuni pangu. Kisha akasimama pale, mikono haijui pa kukaa. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Akavuta pumzi ile ile.

"Mkongo mzito we!" akasema, akijaribu ile sauti yake kubwa. "Umetuibia ugali wote wa Ujiji umeujaza tumboni. Shukeni mumpime, treni haitapanda mlima!"

Abiria wawili watatu walicheka. Yeye alinitazama akingoja. Nilijua anachongoja. Ningemjibu neno lolote la kipuuzi, ningesema tumboni nimebeba na mbuzi wake, basi tungekuwa tumerudi tulipokuwa, naye angekwenda nyumbani usingizi wake ukiwa mzima, maana watani hawadaiani. Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa zuri, nalikumbuka hadi leo.

Umri wetu ulikuwa mmoja. Kama kulikuwa na mkubwa, nilikuwa mimi. Na tangu siku ile alipokula mgebuka wangu, hatukuwahi kupeana salamu ya heshima, kwa sababu watani hawapeani. Heshima ni ya watu baki. Niliinua uso, nikamtazama kwa upole wote walionisifia mjini kwao, nikasema, "Shikamoo, mzee."

Watu walikuwa wanatazama. Shikamoo haina pa kukimbilia, ukiamkiwa lazima uitikie.

"Marahaba," akasema.